Chumba cha Baba Kimepata Kazi

Kwako kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana barua hii haifai kusomwa kwa kusimama. Vipi hali yako huko kambini, na kile kikohozi cha vumbi la kokoto kimekuacha? Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake hununa asubuhi mpaka lipakwe dawa. Mimi niko barazani na cherehani yangu, na bado nina kile kimbelembele ulichonisema tangu utotoni. Utakiona humu ndani.

Kaka, mtaa wetu una betri! Usicheke, si ya redio wala ya gari. Ni makabati sita ya chuma, kila moja refu kama kabati la nguo la mama. Unakumbuka tulivyokuwa: adhuhuri paneli zetu za sola zinajaza vibetri vya nyumbani, umeme unaobaki unapotea bure, kisha jua likizama tu taa zinaanza kusinzia. Sasa paneli za nyumba arobaini zimeungwa kwenye hiyo betri moja. Mchana tunaweka, jioni tunachota. Wiki iliyopita mawingu yalitufunika siku mbili nzima, nami nikamaliza sare kumi na mbili za wauguzi bila cherehani kukata roho hata mara moja. Mkunga wa zahanati alinivuta mkono nikalione friji la chanjo likifanya kazi, akanionyesha kwa fahari kama vile amelizaa yeye.

Lakini nisikimbie. Betri hizi nusura zitupite. Fundi aliyekuja nazo ni mama mmoja mfupi ambaye tumembatiza Mama Kipimo, kwa kuwa haingii mahali bila kutanguliza kipimajoto. Alitueleza kwamba betri hizo hazipendi joto wala unyevu, kwa hiyo zinataka chumba kikavu chenye hewa. Stoo ya mchinjaji ilikuwa tanuri. Stoo ya shule kuta zake zinatoka jasho. Mwenye duka la rangi alijitolea chumba chake kwa mbwembwe zote, Mama Kipimo akaona madumu ya mafuta ya taa yamepangwa humo, akacheka mpaka akakaa chini. Ikafika Jumatatu hatuna chumba, na alikuwa ametuambia wazi kwamba tusipopata hadi Ijumaa, makabati yanakwenda mtaa mwingine ambao chumba chake kiko tayari. Watu walikuwa roho juu.

Jumatatu hiyo hiyo akapita uani kwetu, akauliza kile chumba chenye matundu juu na chini ya ukuta ni cha nini.

Najua umeshakunja uso. Ndiyo, kaka, ni hicho hicho. Nilimweleza kwamba ni karakana ya marehemu baba, fundi redio, na kwamba matundu aliyatoboa mwenyewe ili moshi wa kuunga nyaya usimkabe. Alipitisha mkono kwenye tundu la chini, akasema aliyejenga chumba hiki alijua hewa inapitaje. Nilitaka kulia. Nikamwambia pia kwamba baada ya maziko ulikifunga kwa kufuli, ukaondoka na ufunguo, na ukasema kisiguswe mpaka urudi. Sikumwambia kwamba miaka minne imepita hujarudi. Wala sikumwambia kwamba wewe na baba mliachana vibaya kwa sababu ulikataa kazi yake, ingawa mimi na wewe tunajua kwamba kinachokuzuia ni ile meza yake, aliyotaka uikalie baada yake.

Simu huko kwenu haishiki, na barua inachukua wiki tatu. Nilikuwa na siku nne.

Basi sikiliza. Jumatano, kwenye mkutano wa mtaa, nilisimama nikasema nilikuandikia tangu habari za betri zilipoanza, nawe umenijibu. Nikasema umekubali kwa moyo mmoja, na kwamba ufunguo umepotea njiani. Niliutunga uongo huo pale pale, wala sikukwama. Watu wakapiga makofi. Alhamisi asubuhi nilikata kufuli lako kwa msumeno wa chuma, kwa mikono yangu, na Ijumaa makabati yakaingia. Kwenye mlango wameandika kwamba chumba kimetolewa na mtoto wa Fundi Redio, na kila anayepita anakusifu, nami nainamia cherehani nisionekane uso. Meza ya baba iko pale pale chini ya dirisha, na vifaa vyake sijahamisha hata kimoja. Mama Kipimo huandika hesabu za betri juu yake.

Kibaya zaidi ni mama. Aliposikia umekubali alilia kwa furaha, akaanza kuniambia kwamba moyo wako umelainika na sasa utarudi. Kila akisema hivyo nilikuwa nakufa kidogo. Nisamehe, kaka. Nimekosa, na sina pa kujificha.

Nilitaka nifunge bahasha hapa, lakini mama ameniomba nimsomee. Nikasoma, nikaruka sehemu ya uongo. Akasema nisome na nilichoruka. Kumbe alijua tangu ile Alhamisi! Alikiona kipande cha kufuli uani, akajua kwamba ungekuwa umekubali kweli ungetuma ufunguo kwa mkono wa mtu, kwa sababu vitu vya baba huwezi kuvitia katika posta. Nikamuuliza zile furaha zote zilikuwa za nini. Akasema alichoka kuuona mlango ule umefungwa, na mimi nilipokuwa na ujasiri wa kudanganya, yeye hakutaka kuniharibia.

Ameniagiza nikwambie ukitaka kuzitoa hizo betri, hakuna atakayekuzuia, ila uje uzitoe mwenyewe. Ukiwa na hasira, njoo nazo. Kitanda chako amekitandika leo.

Ufunguo wa kufuli jipya umo humu. Nimeushonea kifuko cha kitambaa cha koti la kazi la baba, ule upande wa mfuko alimokuwa akiweka kalamu. Ufunguo wa pili anao Mama Kipimo.

Wasalimie wenzako wa kambini, na mpishi wenu usimsahau. Mama anakubusu kipaji cha uso.

Mdogo wako mkosefu,
Kimbelembele