Nishani ya Nesi Marike

Matrah, Alkhamisi, 1967

Na leo tena hakuna aliyebisha hodi ila Nesi Marike, yule Mholanzi wa hospitali. Kaniletea nishani yake nimshonee utepe uliochanika. Alipewa kwa kuwapelekea silaha wapiganaji wa siri, Wajerumani walipoikalia nchi yao. Dada yake alikuwa naye katika kazi ile. Alikamatwa, akauawa.

"Siivai," alisema kwa Kiarabu chake cha kubabaisha. "Hapa nani ataijua?"

"Nivalie mimi, habibti."

Akaivaa, tukanywa kahawa sisi wawili. Kisha akaniuliza, "Na wewe, una ndugu?"

Nikasema sina.

Nna dada Unguja. Tangu mapinduzi sijapata habari zake. Nilichelea kumtaja, maana sijui nimtaje kama mzima au marehemu.

Natamani Marike arudi, aniulize tena.