Lozi ya Dhahabu Chini ya Bembea

Herndon, Virginia

Kwako Mama Rukia, mke wangu uliyetangulia,

YAH: KUIONDOA BARUA YANGU YA MADAI DHIDI YAKO

Natanguliza heshima na dua. Ulikuwa ukinicheka kwa kuweka kichwa cha habari hata kwenye barua ya kumwomba jirani apunguze redio. "Bwana Karani," ulikuwa ukisema, "jirani yuko hapo, ukuta mmoja, mgongee." Mimi sikuwahi kuwa karani. Nilikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, na lugha ya barua nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili barua za wengine. Lakini jambo la leo linastahili kichwa cha habari, na ninaliandika wazi ili wewe uliyenisoma zamani unisome na sasa.

Kaka yako Twalibu alikaa kwetu wiki tatu akielekea Toronto, tulipokuwa bado tumepanga katika lile ghorofa lenye uwanja wa watoto kwa nyuma. Rukia alikuwa na miaka saba. Siku tatu baada ya Twalibu kuondoka uliniambia kwamba kidani chako kimepotea: ile lozi ya dhahabu aliyokutengenezea marehemu baba yako, sonara wa Tanga, ukaingia nayo kwangu siku ya harusi. Ulisema mkufu ulikatika siku ileile aliyoondoka, ulipokuwa ukimsukuma mtoto kwenye bembea. Hukulia. Nikajiuliza: kama kilianguka siku ile, kwa nini nimeambiwa siku ya tatu?

Nikakaa mezani nikakuandikia barua, ilhali tulikuwa tukilala kitanda kimoja. Barua yenyewe ninayo hadi leo. Ndani yake nilisema: "Kwa masikitiko ninalazimika kuamini kwamba mali hiyo umempa ndugu yako kwa siri." Niliiweka chini ya chupa ya chai. Niliporudi kutoka kazini niliikuta palepale, na nyuma yake umeandika kwa penseli ya mtoto: "Nimeisoma. Kidani kilianguka bembeani. Chai iko kwenye chupa."

Sikuwa nimewahi kupokea jibu fupi namna hiyo. Nililihesabu kuwa ni kukiri.

Hatukugombana, na hilo nilijivunia. Ulipika, nikala, tulimlea mtoto wetu, tulikwenda swala ya Idi pamoja. Lakini hukuvaa tena kitu chochote shingoni. Nilikuletea mkufu wa fedha ulipotimiza miaka hamsini. Ulishukuru, ukaufungia kabatini. Kila Twalibu alipopiga simu nilikuwa nikikupa wewe simu bila kumsalimu. Siku ya mazishi yako alikuja kutoka Kanada, nikampa mkono kama ninavyompa mtu wa benki.

Sasa nieleze lililotokea.

Nilipostaafu, Rukia alikuja kutoka kwake Bowie na mashine ya kutafutia metali ardhini: fimbo ndefu yenye sahani chini, ikipita juu ya kitu cha metali inalia. Alisema, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba ni heri nikaongee na ardhi kuliko kukaa ndani nikiandikia watu maombi. Nikajiunga na kikundi cha wazee wenye mashine kama hizo, tunakutana kila Jumamosi. Tunaokota sarafu, vifuniko vya soda, na mara moja meno ya bandia.

Majira ya kuchipua nilisikia kwamba uwanja ule wa watoto utang'olewa na kuwekwa zulia la mpira. Nikamwandikia meneja wa majengo ombi la kurasa mbili la kuruhusiwa kuchunguza eneo la bembea kwa siku moja. Ni msichana kutoka El Salvador. Alilisoma lote akiwa amesimama mlangoni kwake.

"Bwana, ungeniuliza tu," alisema.

"Nimekuuliza," nikamjibu.

"Basi nenda. Ukimaliza, fukia mashimo."

Ninakiri kwako kwamba sikwenda kukitafuta kidani. Nilikwenda kuhakikisha kwamba hakipo. Nilitaka jambo lile lifungwe nikiwa bado hai, na lifungwe upande wangu.

Chini ya bembea ya pili mashine ililia. Niliondoa vipande vya mbao vilivyomwagwa pale ili watoto wasiumie, nikafika kwenye udongo mwekundu, nikachimba kwa kijiko cha bustani. Kikatoka kibanio cha nywele, kisha kitu cha manjano kilichopondeka, chenye ukoko mweusi ndani. Hakikuwa na pete ya kupitishia mkufu. Sikukitambua. Miaka yote ile nilikiona kifuani mwako kwa upande wa mbele tu, kikiwa kizima na kinono. Sikuwahi kukishika mkononi.

Jumamosi nilikipeleka kikundini. Bwana Walter, ambaye zamani alikuwa mpima ardhi jeshini na ndiye mwenye mizani, alikipima kikiwa kikavu, akakipima tena kikiwa ndani ya kikombe cha maji, akatikisa kichwa.

"Rafiki yangu, dhahabu ni nzito. Hiki ni chepesi mno kwa ukubwa wake. Ni kifuniko cha chupa ya manukato, kimepakwa rangi."

Mwingine akadakia, "Mpelekee mkeo, usimwambie!" Wakacheka wote. Hawajui habari zako. Nikasema nitamfikishia.

Nilipaswa kusikitika, lakini nilifarijika. Nilirudi nyumbani nikakiweka dirishani, na kwa wiki nzima nilikuwa nikikipita. Lililonisumbua ni moja tu: kitu kilichopakwa rangi hakimalizi mvua na theluji za miaka ishirini bila kubanduka, na hiki hakikuwa kimebanduka popote.

Kuna sonara mzee kule Annandale, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Duka lake ni dogo, mkiingia wawili, wa tatu anasubiri nje. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akafurahi.

"Shikamoo ya kwetu hiyo! Kaa, mzee mwenzangu. Umeniletea nini, jino?"

"Kifuniko cha manukato," nikasema.

Akakisugua kwenye jiwe jeusi, kikaacha mstari wa manjano. Akautonea tindikali. Mstari ukabaki vilevile. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakwambia kifuniko?"

"Mwenye mizani."

"Mizani haina akili! Hii dhahabu bwana, dhahabu safi, lakini ganda tu, jembamba kama karatasi. Ndani wamejaza lakiri. Masonara wa pwani walikuwa wanafanya hivi, kito kionekane kinono na kisibonyee. Ndiyo maana chepesi. Huyo wa mizani kapima dhahabu na lakiri pamoja."

Akapasha sindano moto, akaichomeka kwenye ule ukoko mweusi. "Nusa."

Nikanusa. Mama Rukia, ilikuwa harufu ya bahasha za serikali za zamani, zile zilizofungwa kwa lakiri nyekundu na mhuri. Harufu niliyoipenda ujana wangu wote, na kumbe ulikuwa ukiivaa kifuani.

Yeye akakigeuza, akaleta kioo cha kukuzia. "Fundi alikuwa hodari. Ila hapa kwenye kuziba kakosea. Ona, kitone kimekwenda upande."

Hapo ndipo nilipokusikia. Zamani, siku moja, ulikuwa unakaanga maandazi, na mimi nilikuwa nasahihisha barua ya mtu. Ulisema: "Baba aliimimina lakiri kwa tundu dogo, kisha akaliziba kwa kitone cha dhahabu. Mimi ndiye niliyeshika mshumaa. Mkono ukanitetemeka, kitone kikaenda upande. Hakunigombeza. Alisema basi, hivi hakitafanana na cha mtu mwingine." Mimi nikakuuliza kama neno "mintarafu" linafaa mwanzoni mwa aya.

Nikamwambia yule mzee, "Hakukosea yeye. Aliyeshika mshumaa alikuwa mtoto."

Alikifunga kwenye pamba, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikwenda moja kwa moja Bowie. Rukia alikitazama muda mrefu kiganjani, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwa jioni tatu mfululizo tangu kidani kianguke mlikuwa pale chini ya bembea, umepiga magoti, unapekua vipande vya mbao kwa vidole, na yeye anakusaidia. Ulimkataza asiniambie mpaka kipatikane. Siku ya tatu vidole vyako vikawa vimechomwa na mbao, ukakata tamaa, ukaja kwangu. Alinieleza haya kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno. Sijui kwa nini safari hii hakutumia Kiingereza.

Siku ya pili nilimpigia Twalibu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi.

"Shemeji," nikasema, "miaka ishirini nilikutuhumu kwamba ulichukua kidani cha dada yako, na hukukichukua. Naomba radhi."

Akasema, "Kumbe ndiyo hiyo? Mimi nilidhani nilikula sana kwenu."

Nikacheka, naye akacheka. Nimemwalika. Atakuja Idi, na atalala chumba cha nyuma ambacho hakijalaliwa na mgeni tangu uondoke.

Kidani kiko kwa Rukia. Sonara alisema anaweza kukinyoosha. Nimemwomba, Rukia akikipeleka, akitilie pete tu, asiguse kitone.

Kwa hiyo, mimi niliyetaja madai hapo juu ninayaondoa yote, bila sharti na bila kubakiza neno. Nilikusudia kuichana ile barua. Nilipoishika nikakumbuka kwamba jibu lako liko nyuma yake, na karatasi haichaniki upande mmoja. Basi nimechukua rula na kalamu, nimekata mistari yangu mmoja baada ya mwingine mpaka sahihi. Kisha nimeigeuza, nikaiweka chini ya chupa ya chai, upande wako ukiwa juu.

Nimeisoma, Mama Rukia. Sasa ndiyo nimeisoma.

Ni mimi mumeo,
Baba Rukia