Amegusa Kiitikio cha Marehemu Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijampoteza mtu mwema, maana kaka yangu, aliyekuwa fundi cherehani, alifariki mwaka jana, na tangu utotoni tulikuwa tukitunga nyimbo pamoja, mimi maneno, yeye tuni, akipiga mdundo kwa mkasi kwenye meza ya kukatia vitambaa, na hata nikileta mstari wa ovyo hakuukataa mpaka auimbe mwenyewe kwa sauti yote, ndipo acheke. Aliacha wimbo mmoja nusu. Nikamwomba mpiga gitaa wa kwaya yetu tuumalizie, ni mtu mstaarabu, anavua viatu mlangoni, lakini juzi alileta kiitikio kipya badala ya kile cha kaka, na kabla hajafika katikati nikamkatiza, "Kaka asingeimba hivyo." Akaweka gitaa chini taratibu, akaniuliza, "Dada, natunga na wewe au natunga na marehemu?" Nikamwambia kama hapendi mlango uko wazi, akaondoka, hata chai hakumaliza. Sasa hapokei simu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nikiosha vyombo najikuta naimba kiitikio chake chinichini. Je, nikikikubali nitakuwa nimemsaliti kaka?

Dada Mtu

Pole sana, dada. Ukifiwa na mtu uliyeimba naye, nyumba nzima inapoa. Ila kwa mpiga gitaa ulikosea, na sitazunguka.

Umemwita mtu kazini, kisha ukamfungia kazi yenyewe. Kama kuna mistari isiyoguswa, inasemwa siku ya kwanza, mwenzako hajafungua hata begi la gitaa. Hukusema. Angejuaje? Mtunzi mwenzio si redio ya kuzima ukichoka.

Kuhusu kumsaliti kaka, umeniandikia mwenyewe kwamba hakukataa mstari mpaka auimbe. Adabu hiyo ndiyo aliyokuachia, na ndiyo uliyomnyima mgeni wako.

Acha kupiga simu. Nenda kwenye mazoezi ya kwaya, umwombe radhi ana kwa ana, bila kujitetea kwa msiba. Mwambie sehemu zipi za tuni ya kaka zitabaki, na kwamba wimbo ukitoka mtatajwa wote watatu. Mrudishe nyumbani, kwenye meza ileile ya kaka, uimbe kiitikio chake kwa sauti yote, mpaka mwisho. Kikiwa kibaya, kikatae. Lakini kitu kibaya hakimfuati mtu mpaka kwenye vyombo.

Ukikwama, anza tena. Na mkasi upige wewe.