Divai Nyekundu ya Japani na Mishikaki Yako

Buffalo, Jumapili, 8 Novemba 2015. Leo ni miezi minne tangu niondoke Columbus na kukuacha huko chini ya udongo.

Kaka Deo,

Nimetoka kanisani, miguu inauma, lakini habari hii haiwezi kungoja. Nimemlipiza kisasi Brian.

Unakumbuka alipokuwa mkuu wa wahudumu pale mgahawani kwetu Columbus, akaleta ile divai nyekundu ya Japani? Aliipeleka mezani na mapande ya nyama ya ng'ombe, wageni wakaacha glasi zimejaa. Wewe, mchoma mishikaki, mlokole asiyemeza hata tone, ukainusa, ukaitia kinywani, ukatema kwenye sinki. Ukaniambia mimi niliyekuwa naosha vyombo: "Divai hii nyepesi, inanukia stroberi. Ng'ombe anaikanyaga. Bon, haya, ipoze kidogo, halafu uipe kuku." Ukatoa mishikaki ya kuku yenye sosi tamu ya soya, na uyoga pembeni. Siku ile glasi zilinirudia tupu.

Brian akacheka mbele ya jiko zima: "Haya, mchungaji wa walevi!" Kisha akaandika kwenye menyu kwamba ni ubunifu wake yeye.

Moyo wako uliposimama, mimi ndiye niliyempa habari. Aliuliza, "Sasa nani atachoma Ijumaa?" Kaka, ni hilo tu. Mazishini hakuja. Jeneza tulilibeba sisi wa kwaya. Baada ya muda mfupi akaenda Louisville kuwa meneja wa mgahawa mwingine, akijiita mtaalamu wa divai ya Japani.

Mwezi uliopita akanipigia. "Rafiki yangu," akasema, yeye aliyekuwa akiniita "wewe wa masufuria". Alikuwa na karamu ya wageni wakubwa, na tajiri wake alitaka chakula kipya cha kwenda na ile divai. "Deo alisema inapatana na nini tena, mbali na kuku?"

Nikakumbuka siku uliyoijaribu na mayai ya samaki, ukatema ukisema, "Kama nalamba msumari!" Nikamwambia: mayai ya samaki, mabichi, na yawe mengi. Akanitaka nirudie mara mbili asije akakosea.

Anayeosha vyombo kule ni Mkongo mwenzetu anayekaa Highview, mtaa wa huko Louisville. Ameniambia wageni walikunja nyuso, mmoja akatemea kitambaa, na tajiri akamkaripia Brian mbele ya wote. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka machozi, na sijui yalikuwa machozi ya nini. Mchungaji atasema kisasi ni cha Bwana. Najua. Lakini Bwana hakuziosha zile glasi.

Jana Brian alipiga tena. Kwanza matusi, halafu kuomba, maana tajiri amempa mpaka Noeli kurekebisha. Nikamwambia chakula cha kweli nakijua, ulinifundisha wewe. Aandike kwanza jina lako kwenye menyu, lote: Deogratias, mchoma mishikaki. Akanikatia simu.

Lala, kaka yangu. Sitamsamehe kabla sijaliona jina hilo kwa macho yangu. Jumamosi ya kwanza ya Januari nitashuka Columbus kwa basi la asubuhi, nije nikusomee menyu yake, atakayonitumia yule mwosha vyombo. Ikiwa hajaandika, nitakaa nawe saa moja tu, kisha nipande basi la Louisville nikalidai jina lako mlangoni kwake.

Mdogo wako,
Faustin