Mashine Haijiwashi Yenyewe

Addis Ababa

Dada Aselefech,

Kahawa ya mama imefika, chumba kizima kinanukia. Mkono wangu wa kushoto uliovunjika unaunga vizuri.

Najua mumeo Getahun amekuambia mashine ya zege ilijiwasha. Dada, waya wa umeme niliuchomoa mwenyewe kabla sijaingia ndani ya pipa lake kugonga zege lililoganda. Yeye akaja akauliza, "Nani humo?"

"Mimi, shemeji."

Akacheka. "Haya, gonga vizuri, mama zege!"

Punde pipa likazunguka. Lilisimama wenzangu walipopiga mayowe.

Wiki moja kabla, nilimkuta akipakia simenti ya tajiri kwenye gari nisilolijua.

Nimehamia kazi nyingine. Akikuuliza ni wapi, hujui.

Mdogo wako akupendaye,
Zenebech