Shoka la Babu Nyale

Malindi, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepungua kuuma. Sisi hatujambo, ila joto linatutoa roho. Nakuandikia kwa sababu nikianza habari hii kwenye simu, unakata.

Mlinipa kazi ya kuandika historia ya babu Nyale, isomwe siku ya kumsimamishia kigango, nguzo yake ya mbao ya kumbukumbu. Nimeiandika. Nilikwenda Mambrui kwa ajuza mmoja, hawe Kahonzi, ambaye bibi yake alipimwa uchawi na babu. Shoka liliwekwa motoni mpaka likawa jekundu, babu akalipitisha kwenye kiganja cha yule mama mara nne. Kiganja kilipotoka malengelenge, wanaume walimvunja miguu kwa rungu asikimbie, ndipo wakammaliza. Waliokufa hivyo ni saba, na majina yao yote nimeyaandika. Nataka yasomwe pamoja na sifa zake.

Mwanao,
Jedida

Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu Jedida, marahaba. Sisi wazima, goti ni lile lile, mvua bado.

Barua yako imenikata maini. Wewe unayeogopa hata kuchinja kuku ndiye wa kumhukumu Nyale? Wakati ule hakukuwa na polisi wala mahakama. Mtoto akifa, kijiji kizima kilitafuta wa kumkata. Nyale aliweka shoka lake kati ya watu na mapanga yao, na walioponea kwake ni wengi kuliko hao saba wako. Hakujua jingine. Hata yule mama hakujua, wote waliliamini shoka. Karatasi yako nimeikunja. Siku hiyo nitasimama mwenyewe niseme.

Babako,
Katana

Malindi, 16 Machi

Baba, shikamoo. Nasikia mama amepona homa, namshukuru Mungu.

Sema utakavyo, lakini usiseme yule mama hakujua. Hawe Kahonzi anasema alipiga kelele shoka halijamgusa: "Nyale, nimekukosea nini?" Alijua ni dhuluma siku ile ile, zama zile zile unazozitetea. Kwa hiyo usiniambie namhukumu babu kwa macho ya leo.

Sherehe yenu sitakuja. Nina hasira na wewe, baba.

Mwanao,
Jedida

Nyumbani, 22 Aprili

Jedida mwanangu, hujambo? Sisi hapa si wazima.

Sherehe ilijaa watu. Nilisema shoka la Nyale halikukosea hata siku moja, na kwamba bado ninalo chini ya kitanda. Nilipigiwa vigelegele. Wiki mbili baadaye mtoto wa Easter, jirani yetu, akafa. Jana vijana wamemtoa nje hawe Mapenzi, eti ndiye aliyemroga, kwa kuwa ana mvi na anaishi peke yake. Sanga, kiongozi wao, alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka sikio likachanika. Nilipowazuia wakaniambia, "Basi mzee lete shoka, si ulisema halikosei?"

Nikawaambia Jumamosi asubuhi, ili nipate siku za kufikiri. Wamemfungia nyumbani kwa Sanga. Nina mpango wangu wa kumwokoa. Usiwaite polisi, wakiona gari watamkata kabla halijasimama. Niombee, mama.

Babako,
Katana

Malindi, 23 Aprili

Baba, shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa mtu wa bodaboda sasa hivi.

Polisi nimekwenda, utanisamehe. Wanasema watakuja gari likipatikana. Mpango wako siujui, lakini nakusihi usilitie shoka lile motoni. Litupe chooni, useme limeibwa. Wakikupiga, wakupige. Ukilitoa tu, umeshawaambia kwamba kuna haki ndani yake.

Mwanao,
Jedida

Mahabusu, Malindi, 30 Aprili

Mwanangu, hujambo. Usiniamkie, shikamoo ya mtu sistahili.

Barua yako niliipata Jumatano na nikaisoma yote. Nilijiona mjanja kuliko wewe. Mpango ulikuwa nilipashe shoka kidogo tu, lisitoe lengelenge, watu waende zao. Nikamshika hawe Mapenzi mkono, nikalipitisha mara mbili. Sanga akaligusa kwa kidole, akacheka. Akalirudisha motoni mwenyewe, akapuliza mpaka likaiva.

Wakati wote ule ningeweza kumwachia mkono. Sikumwachia, Jedida. Mapanga yalikuwa mengi nami nikaogopa. Aliniambia polepole, "Katana, wajua sikumuua yule mtoto." Likapitishwa, na ngozi ikabaki kwenye chuma. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, wakingoja neno langu, nami nikasema kwa sauti, "Limemkamata." Hakuna aliyenishika koo niseme.

Walimkata hapo hapo. Panga la kwanza lilimpata shingoni, mengine sikuyatazama, ila mkono wake ulikuwa bado mikononi mwangu na niliusikia ukilegea. Polisi walifika saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa naye, nimemfunika kwa shati langu. Vijana walikuwa wameshatawanyika, na majina yao nimeyatoa yote, la Sanga la kwanza.

Askari aliyeniandikia maelezo aliniuliza kama sikujua kwamba ni kosa. Lile jibu nililokuandikia mwezi wa tatu, "Hakujua jingine," lilinijia kinywani, nikaona haya mbele ya mtu wa rika lako.

Wajukuu wataniulizia. Usiwaambie kwamba mambo ya huku kwetu ndivyo yalivyokuwa. Waambie nilijua.

Babako,
Katana