Nyundo ya Dada na Wafuasi Wake

Jumatatu, 3 Machi
Likizo imeanza. Nimekwenda karakanani kwa dada, mfinyanzi. Nimemkuta mwenye jengo, mikono nyuma. Kuna muuza vipuri anakitaka chumba. Dada kapewa mpaka mwisho wa mwezi kuonyesha kwamba kodi mpya ataiweza. Tanuri limejengwa humo humo ukutani, halihamishiki. Bila chumba, ndio mwisho wa ufinyanzi.

Dada kasema: wewe mwandishi wa habari una maneno, mimi nina udongo. Nitangaze. Nimemfungulia ukurasa mtandaoni, picha na bei. Wafuasi kumi na wanne. Nusu ni ukoo.

Alhamisi, 6 Machi
Tanuri limefunguliwa. Chungu kimoja kina ufa. Dada hauzi chenye ufa hata kwa bei ya kutupa. Hukipiga nyundo, vigae akavitwanga na kuvichanganya na udongo mpya, ili vyungu vijavyo vistahimili moto. Nimerekodi nyundo ikishuka. Video nimeipandisha bila maelezo — uzembe, kwa mtu wa kazi yangu!

Jumapili, 9 Machi
Watu laki mbili wametazama! Simu inatetemeka mezani kama mgonjwa wa homa. Komenti: mama, vunja kingine! Huyu kamkasirikia nani? Mwingine: roho yangu imetulia. Nimezisoma zote. Hakuna aliyeuliza bei.

Nimeandika habari ya ufa na vigae, nikaipandisha. Wamesoma wachache. Mmoja kauliza: nyundo lini?

Jumatano, 12 Machi
Mwenye jengo kapita, anacheka. Dada sasa staa, hata yeye kamlaiki. "Ila hizo laiki, mama, nikizipeleka benki watanipa nini?"

"Watakupa kiti ukae, uache kunisimamia mlangoni."

Tumecheka wote watatu. Kaondoka. Tarehe hakuibadilisha.

Malipo ya mtandao yameingia. Bando na sabuni, yamekwisha.

Mteja wa kweli ni mmoja: mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, kaagiza mtungi mkubwa wa maji. Habari za ukurasa hana. Simu yake ni ya vitufe.

Jumanne, 18 Machi
Vyenye ufa vya tanuri la wiki iliyopita vimekwisha. Video tatu, na chini ya kila moja nimeandika: kimepasuka motoni. Ilikuwa kweli.

Kapiga simu mtu wa kampuni ya zana. Wanataka chombo kikubwa kivunjwe kwa nyundo yao. Watalipa, na vizuri — ila kwanza waone video imetazamwa kiasi gani. Nimeuliza mkataba. Kasema tuaminiane. Nimemwambia dada hiyo si kazi, ni bahati nasibu. Kanijibu bila kuinua macho: "Mdogo wangu, wewe mshahara wako unaingia hata ukilala."



Ijumaa, 21 Machi
Tanuri limefunguliwa. Vyote vizima! Nimempongeza. Mtungi wa mwalimu umetoka mzuri kuliko vyote, shingo nyembamba, rangi sawasawa mpaka chini.

Kaniambia washa simu.

Chombo kizima ukikigonga hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu. Yeye ndiye aliyenifundisha, zamani. Akaugonga mtungi kwa pete yake. Ukalia. Ukaendelea kulia hata alipoondoa mkono.

"Una ufa," akasema. Aliitazama kamera, si mimi.

Nyundo ni ya kampuni, kibandiko bado kipo kwenye mpini. Pigo la kwanza halikutosha. La pili lilitosha. Picha imetoka safi kabisa.

Vigae viko sakafuni, hajaviokota. Sauti ya pete kasema niikate, na chini niandike kama siku zote. Mwalimu anakuja kesho asubuhi na mkokoteni wa kukodi. Nimeuliza tutamwambia nini. Kasema: tutamwambia kile kile tulichowaambia wafuasi.

Nimeandika "Mtungi huu". Nimekaa hapo. Dada kasimama mlangoni, mikono bado ina vumbi, anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado. Anauliza tena.